Usiuze injini ya zamani: Hesabu ya umeme kukatika Karatu

Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania Mei 4, 2024, mkulima wa Karatu hakuuona upepo wake. Waliopigwa ni watu wa Mafia, Kilwa na Lindi, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda mikoa ya kusini ikakatika eneo la Somanga. Lakini siku hiyohiyo Gridi ya Taifa ilipata hitilafu, na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Ilikuwa mara ya pili ndani ya wiki tano, kwani Aprili 1 mwaka huo gridi ilizimika pia.

Sisemi kwamba kimbunga ndicho kilichosimamisha mashine za Karatu siku ile. Ninachosema ni kwamba mwenye mashine ya kusaga, bucha au friji ya soda hana namna ya kukaa mbali na matatizo ya nchi nzima. Waya unaoingia kwenye banda lake umetoka mbali, na kila kilometa ya waya huo ina upepo wake, miti yake na mvua yake.

Zamani tulizoea sababu moja tu: maji yamepungua Mtera. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa mgawo wa mwaka 2006. Sasa Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Kwa kanda ya kaskazini, shida iliyobaki ni safari ya umeme zaidi kuliko uzalishaji. Ndiyo maana Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda hii, akitaja umeme unaopotea njiani. Kwa hiyo mfanyabiashara anayesubiri bwawa limalize matatizo yake yote, naona anasubiri kitu ambacho bwawa haliwezi kutoa.

Tuanze na mashine ya kusaga, kwa sababu hiyo ndiyo inayogusa watu wengi zaidi. Karatu hailishi Karatu peke yake. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikazuiwa upya mwaka 2009. Mfugaji wa huko hula mahindi ya kununua, na mengi hupitia Karatu. Siku ya mnada anakuja, anauza mbuzi, ananunua mahindi, anasaga na kuondoka na gari la jioni. Hawezi kulala mjini akisubiri umeme.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanahesabu saa ambazo umeme ulikatika, bila kuuliza zilikuwa saa za siku gani. Saa sita za Jumanne isiyo na watu ni usumbufu tu. Saa sita za siku ya mnada zinaweza kuwa faida ya wiki nzima.

Tuchukue mfano. Mota ya kilowati 15, yaani nguvu farasi 20, ikifanya kazi saa moja hutumia uniti 15 hivi. Kwa takriban Sh350 kwa uniti, hiyo ni Sh5,250. Tuseme inasaga debe 15 kwa saa kwa Sh2,000 kila debe. Mapato ni Sh30,000, na ukitoa umeme inabaki Sh24,750. Saa sita za mnada zikipotea, Sh148,500 zimekwenda.

Wazo la kwanza la watu wengi ni kununua jenereta. Mota ya ukubwa huu inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaotumia ikishachanganya. Kwa sababu hiyo jenereta inayolingana nayo kwa namba haitoshi. Unahitaji kubwa zaidi ya mara mbili. Ikila lita tano na nusu za dizeli kwa saa, kwa Sh3,000 lita moja, mafuta peke yake ni Sh16,500, na kinachobaki ni Sh13,500 kwa saa. Kama kwa mwaka mzima unapoteza saa 100 za kazi, jenereta itakuingizia Sh1,350,000. Iwapo uliinunua kwa Sh milioni 20, itachukua karibu miaka 15 kurudisha fedha, na hapo sijahesabu fundi, oili wala riba ya mkopo.

Sasa tazama injini ya dizeli ya zamani, ile iliyokuwa ikizungusha kinu kwa mkanda kabla ya nguzo kufika. Haipitishi nguvu kwenye umeme kwanza, kwa hiyo hupoteza kidogo. Kwa lita nne kwa saa utatumia Sh12,000 na kubaki na Sh18,000. Ni pungufu kuliko kwa umeme, lakini mteja amesagiwa na ameondoka na unga wake. Na injini hiyo wengine tayari wanayo. Umeme ulipofika, waliiweka nyuma ya banda, na leo mnunuzi wa chuma chakavu anapita kuipimia kwa kilo. Usimuuzie. Iwashe walau mara moja kwa mwezi, badilisha oili, na mkanda uutundike mahali ambapo panya hawafiki.

Kila msomaji aweke bei zake mwenyewe kwenye mfano huu. Bei zikibadilika, hesabu nayo ibadilike. Lakini ifanyike kabla ya kwenda benki kuomba mkopo.

Mteja aliyeondoka ana gharama ambayo haionekani kwenye daftari. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na dunia haikuacha kununua karafuu kwa sababu Unguja imeangukiwa. Pemba ndiyo iliyouza, na ikabaki kuwa mzalishaji mkuu hata Unguja ilipopanda miti upya. Kwa mwenye mashine kusubiri si miaka, ni saa tu, ila mteja wa Ngorongoro aliyegundua mashine nyingine inayosaga hata umeme ukiwa haupo, mnada ujao atakwenda huko moja kwa moja.

Kuna hasara nyingine inayokuja umeme ukirudi. Baada ya upepo kuangusha nguzo, mara nyingine fezi mbili zinarudi na ya tatu haipo. Taa zinawaka, mwenye mashine anafurahi na kuwasha, mota inaunguruma bila kuzunguka vizuri, na baada ya muda mfupi inanuka. Kusuka mota upya ni fedha nyingi. Kipo kifaa kinachozima mota chenyewe fezi moja ikipotea, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na kazi ya kusuka. Umeme ukikatika, zima swichi kuu. Ukirudi, subiri dakika kadhaa kwanza.

Wenye jenereta ndogo za petroli nao wana lao. Usiiwashe ndani ya duka au banda, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu na watu hufa wakidhani wamesinzia. Na usiichomeke kwenye nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia. Umeme wako utarudi hadi kwenye nguzo, ambako kuna fundi aliyepanda akijua waya umekufa.

Mwenye bucha au friji ya samaki si lazima anunue chochote. Friji ya kugandisha iliyojaa, ikiachwa imefungwa, huhifadhi ubaridi kwa takriban siku mbili. Iliyojaa nusu ni siku moja hivi. Nafasi tupu zijazwe chupa za maji yaliyoganda. Kinachoharibu nyama haraka ni kufungua kila mteja anapouliza. Wenye maziwa wanajua tayari: yasiyouzika mabichi yawe mtindi mapema, kabla hayajaharibika.

Kuhusu upepo wenyewe, Karatu haihitaji kimbunga ili mabati yaezuliwe. Bati likiondoka juu ya ghala, hasara kubwa ni mahindi yaliyolowa, ambayo huota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Manyara ni majirani zetu. Mahindi yaliyonyeshewa yatengwe siku hiyohiyo, yasichanganywe na makavu ili kujaza gunia. Ili kujua kama yamekauka, weka chumvi kavu na mahindi kidogo kwenye chupa kavu, funga, tikisa, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, yarudishe juani.

Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola umeme hauwabani sana, maana shamba hunywa maji ya mfereji kutoka chemchemi. Wanachoogopa ni barabara ya kuja Karatu wakati wa mvua. Lori likinasa, mnunuzi anayefika hudai rumbesa, akijua kitunguu kinaoza. Anayevuna kwa awamu na kukausha shingo za vitunguu kivulini anaweza kumwambia mnunuzi huyo arudi wiki ijayo.

Mzee mmoja mwenye mashine mjini Karatu alinionyesha injini yake chini ya turubai, imezungukwa na kuku. Nilimwomba aiwashe. Tulijaribu mara nne, ikakohoa na kunyamaza. Nozeli imeziba. Fundi ameahidi kuja Jumatatu, na mnada ni wiki ijayo.