Insha ya Visasili: Hoja Haisimami Bila Dalili



Mwezi uliopita, baada ya Swala ya Isha, dada yangu alinijia nyumbani pamoja na binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fasihi chuoni. Alikuwa na malalamiko mawili, na mkononi karatasi sita zilizojaa wino mwekundu. La kwanza: "Kaka, mtoto anafundishwa miungu ya Wagiriki!" La pili ni kwamba mtoto huyo ameitetea dini yake katika insha na mwalimu akamlipa alama za chini. Nilizisoma karatasi zile usiku uleule, na asubuhi nikamwambia dada yangu jambo ambalo hakulipenda: mwalimu hakukosea.

Kuhusu lalamiko la kwanza sitasema mengi. Somo la visasili humtaka mwanafunzi afahamu watu wa kale walisimulia nini na kwa nini, halimtaki aamini. Abu Rayhan al-Biruni, Muislamu na mwanachuoni mkubwa, alijifunza Kisanskriti na takriban mwaka 1030 akakamilisha kitabu kizima juu ya itikadi za Wahindi. Hakuwa akikubaliana nao, na hakuficha. Hata hivyo aliona ni wajibu wake kuyaeleza maneno yao kama wenyewe wanavyoyasema. Imamu al-Ghazali naye aliyaeleza madhehebu ya wanafalsafa katika kitabu kimoja, na kuwajibu akawajibu katika kingine. Mzazi mwenye hofu na ajue kwamba njia hii wenzetu waliipita zamani.

Lalamiko la pili ndilo lenye kazi.

Swali aliloulizwa binti lilihusu wimbo mrefu wa Kigiriki, wa mistari karibu 500, unaohusishwa na jina la Homer ingawa mtunzi wake hajulikani. Wataalamu wanauweka katika karne ya 7 au ya 6 kabla ya Masihi. Unamhusu Demeter, ambaye Wagiriki walimwabudu kwa ajili ya nafaka, na bintiye Persephone. Zeus, baba wa msichana, anamuoza kwa nduguye Hades, mtawala wa kuzimu, pasi na mama kujua. Msichana akiwa bustanini anachuma maua, ardhi inapasuka, naye anachukuliwa. Mama anazunguka siku tisa na mienge mikononi, hali wala haogi. Alipoujua ukweli akawaepuka wenzake, na mwishowe akaizuia ardhi isitoe nafaka hata watu wakakaribia kuangamia. Zeus akalazimika kumtuma mjumbe kumrudisha msichana. Lakini Hades alikuwa amekwisha kumlisha punje ya komamanga, na kwa punje hiyo ikawa lazima akae kuzimu theluthi ya kila mwaka. Theluthi mbili akae na mama yake. Mwalimu aliuliza: ni nani anayebeba lawama katika wimbo huu? Jenga hoja.

Binti alifanya nini? Kurasa tatu za mwanzo alisimulia kisa, kama nilivyosimulia mimi hapa, ila kwa urefu. Mwalimu anakijua kisa, hakuhitaji kusimuliwa. Ukurasa wa nne na wa tano alieleza kwamba ami hawezi kumuoa mtoto wa nduguye, jambo ambalo kwetu ni haramu bila shaka yoyote. Lakini swali halikuwa hukumu ya sharia yetu. Wagiriki wa kale waliijua ndoa ya ami na binti wa nduguye, na wimbo wenyewe haulaumu hilo hata kwa neno moja. Kumshitaki mtu kwa sheria ambayo hakuishi chini yake ni kumhukumu kwa mizani ya soko jingine. Ukurasa wa sita ulisema kwamba Persephone alikula punje saba kwa hiari yake, kwa hiyo na yeye ana lawama.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Punje saba zimetoka wapi? Si katika wimbo huu. Zimo katika kitabu cha tano cha Metamorphoses cha Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeandika karne nyingi baadaye, ambako msichana anajichumia tunda mwenyewe na mwaka unagawanywa nusu kwa nusu. Binti alichanganya riwaya mbili kwa sababu mtandaoni alizikuta zimechanganywa. Sisi tuliosoma madrasa tulizoeshwa tangu udogo kuuliza: nani kasema, na kapokea kwa nani? Swali hilohilo linamfaa mwanafunzi wa visasili, maana kisasili hakina nakala moja. Kabla ya kuandika neno, ataje anashika riwaya ipi, na dalili zake zote zitoke humo. Riwaya nyingine aitumie kwa kulinganisha tu, na aseme kwamba analinganisha.

Tulikaa naye barazani Jumamosi nzima. Nilimtaka aniletee dai lake kwa sentensi moja. Akasema, "Demeter alihuzunika sana, Mjomba." Nikamwambia hilo si dai, kwani hakuna atakayekubishia. Dai ni neno ambalo mtu mwenye akili timamu, aliyesoma wimbo huohuo, anaweza kulikataa. Akaja na la pili: "Zeus ni mwovu." Hili lina ubishi, lakini ni pana mno, uovu gani, na unaonekana mstari upi? Akausoma upya wimbo, kwa mara ya kwanza akiwa na penseli mkononi. Baada ya Alasiri akaniuliza, "Mjomba, mbona kila jambo humu linafanywa kwa siri?"

Nikamwambia aendelee. Akahesabu. Mapatano ya Zeus yalifichwa mama. Ua la nargisi lililomvuta msichana liliwekwa kama mtego. Punje ya komamanga ilitolewa kwa kificho. Basi dai likazaliwa: wimbo huu hauilaumu ndoa yenyewe, unailaumu siri iliyoifunga. Hili mtu anaweza kulipinga, na kila kipande chake kina mstari wa kukishuhudia.

Kisha nikampa kazi ambayo vijana wengi huikimbia, nayo ni kumpa mpinzani wake nafasi ya kusema vizuri. Anayepinga atasema: kwa desturi ya Wagiriki baba ndiye aliyemuoza binti, wala idhini ya mama haikuwa sharti, Zeus alitumia haki yake. Hoja hii ina nguvu, tena imo ndani ya wimbo wenyewe, kinywani mwa Helios, anayemwambia Demeter kwamba Hades si mkwe asiyefaa, kwani ni ndugu yake na ni mtawala mwenye fungu lake. Binti alitaka kuipitia kwa sentensi moja. Nikamkatalia. Aliyeficha hoja ya mwenzake amekiri kwamba anaiogopa.

Jibu lake, alilolipata mwenyewe, lilinipendeza. Helios anajibu swali la nani ni mkwe. Hajibu swali la kwa nini mama hakuambiwa. Kisha akaonyesha kwamba msimulizi anasema punje ilitolewa kwa siri, lakini Persephone anapomsimulia mama yake anaongeza kwamba alilazimishwa. Je, msichana anatia chumvi ili mama asimlaumu, au ndiye pekee ajuaye kilichotokea? Binti hakuamua. Aliandika kwamba kwa vyovyote vile siri hiyo imewafanya hata mama na mwana wahitaji kuulizana. Aya hiyo pekee ilikuwa na thamani kuliko karatasi sita za mwanzo.

Palibaki udhaifu mmoja, na nilimshauri aukiri. Zeus anarudi nyuma pale njaa inapotishia kuwakosesha miungu sadaka za watu. Wimbo hausemi kwamba alijuta. Kwa hiyo asiandike kwamba Zeus alikiri kosa. Aandike lile ambalo maandishi yanalibeba, aishie hapo.

Mengine ni adabu za kazi. Dondoo ziwe fupi, na zitajwe kwa nambari ya mstari, kwa sababu kurasa hutofautiana baina ya chapa na chapa. Asiseme "Wagiriki wote waliamini", kwani hakuwahoji. Na asimpe mashine imwandikie; itamletea punje saba palepale.

Mwalimu alimruhusu kuiandika upya, na wiki mbili zilizopita ameiwasilisha. Alama hazijatoka. Usiku wa kuamkia kuiwasilisha alimsomea mama yake insha nzima, naye dada yangu, aliyekuja kwangu akilalamikia miungu ya Wagiriki, alisikiliza hadi mwisho kisha akasema binti amekosea: lawama yote ni ya baba, siri au si siri. Binti akamfungulia wimbo, akamwambia, "Sawa, Mama. Nionyeshe mstari."