Ugonjwa wa tilapia: bwawa la Kitengela na mtu wa Malindi

Mimi ni mtu wa pwani, ila riziki imenileta Kitengela. Huku ni nchi ya ng'ombe na mbuzi, lakini ukipita kwenye viwanja kutoka hapa hadi Kajiado mjini hukosi kukuta bwawa la samaki, limechimbwa na kutandikwa karatasi la plastiki ili maji yasinywewe na ardhi. Vifaranga vya tilapia huletwa kwenye mifuko iliyojazwa maji na hewa, vikamwagwa humo. Ni wachache wanaouliza vimetoka wapi, nami naona hilo ndilo swali la kwanza.

Mwaka 2014 watafiti wa Israeli walieleza kirusi kipya, wakakiita kirusi cha ziwa cha tilapia, kwa kifupi TiLV. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo tilapia walikuwa wakifa mabwawani na kupungua katika Ziwa Kinneret. Baadaye kilionekana Ecuador, Colombia, Misri na Thailand, na mwaka 2017 shirika la chakula duniani, FAO, likatoa onyo. Mwaka uliofuata watafiti walitangaza kukipata Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania, kwa samaki wa kufugwa na wa ziwani pia. Samaki hao hawakuwa na dalili yoyote. Hapo ndipo penye hatari: samaki mzima wa macho anaweza kuubeba ugonjwa.

Kikiwaka, samaki huacha kula, huelea juu kwa uchovu, macho hufanya ukungu, ngozi huchubuka. Wanaokufa ni kati ya mmoja na tisa katika kila kumi. Thailand wafugaji waliona vifo hivyo ndani ya mwezi mmoja tu baada ya kuweka vifaranga. Dawa hakuna. Kwa mlaji hakuna ushahidi kwamba kinamdhuru mtu, kwa hiyo tusianze kuogopana sokoni.

Wenzetu wa samoni walishapitia haya. Ugonjwa wao wa upungufu wa damu ulijulikana Norwe mwaka 1984, nao unatokana na kirusi cha ukoo wa homa ya mafua. TiLV ni jamaa wa mbali wa ukoo huo. Ulipoingia Chile mwaka 2007 ulitoka shamba hadi shamba, maana vizimba vilikuwa vimesongamana na samaki wakihamishwa huku na huko. Maelfu wakapoteza kazi. Baada ya hapo ndipo sheria ikalazimisha maeneo ya ufugaji yapumzishwe kwa zamu.

Sasa Malindi inaingiaje? Mto Kitengela humwaga maji yake kwenye mto Athi, Athi ukawa Galana, Galana ukawa Sabaki, nao Sabaki huingia baharini kaskazini mwa Malindi. Humo njiani mna tilapia wetu wa asili, wale wanaoitwa kwa jina la mto wenyewe, tilapia wa Sabaki. Bwawa linalofunguliwa huku bara halijui mpaka wa kaunti. Sitaki tungoje tuone kama samaki wa mto watastahimili.

Mfugaji, basi, anunue kwa mzalishaji anayejulikana, na vifaranga vipya avitenge wiki kadhaa kabla ya kuvichanganya. Wavu usiazimwe bwawa hadi bwawa bila kusafishwa kwa klorini na kuanikwa juani. Maji ya bwawa ni bora yaende kwenye sukuma wiki kuliko mtoni, na samaki waliokufa wafukiwe mbali na maji.

Tena si kila kifo ni kirusi. Novemba 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Kisumu, na kilichotajwa na wataalamu ni upungufu wa oksijeni majini. Kwa macho huwezi kutofautisha kwa hakika. Ni lazima maabara ipime. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, makao yake yako kwetu Mombasa, na ina kituo Sagana. Ukiona vifo viwili vitatu mfululizo, mwite afisa wa uvuvi wa kaunti siku hiyo hiyo, kabla hujafungua maji.