Lori moja, madaftari manne: kuunganisha hati na ufuatiliaji wa magari njia ya Kobero

GITEGA

Mtu mwenye malori matano, makao yake Gishubi mkoani Gitega, anaweza leo kufungua simu na kuona kwamba lori lake limeegeshwa Kahama, upande wa Tanzania. Asichoweza kukiona katika simu hiyo ni kwa nini limeegeshwa.

Huenda dereva amelala. Huenda bima imekwisha tangu jana. Huenda anajua kuwa ekseli za nyuma zimezidi uzito, na anaiogopa mizani iliyo mbele. Majibu hayo yote yapo, ila yamekaa mbalimbali: bima iko kwenye faili la karani, hati za forodha ziko kwa wakala Dar es Salaam, karatasi ya mizani iko mfukoni mwa dereva, na ramani iko kwa kampuni iliyofunga kifaa cha kufuatilia gari. Lori moja, madaftari manne.

Kuyaleta madaftari hayo pamoja ndiko kunakoitwa kuunganisha programu za kufuata sheria na zile za kusimamia magari. Ya kwanza hutunza tarehe na vibali: leseni ya dereva, bima, cheti cha ukaguzi, kibali cha kubeba mzigo wa transiti, mipaka ya uzito. Ya pili hutazama gari lenyewe: liko wapi, linakwenda spidi gani, limekunywa mafuta kiasi gani, lini limefanyiwa matengenezo. Zikiunganishwa, ya kwanza inaweza kumzuia mtu asiipe ya pili safari. Lori ambalo bima yake inakwisha siku ya tatu ya safari halipangiwi mzigo hata kidogo.

Programu nyingi zinazouzwa kwa kazi hii zilizaliwa Ulaya na Marekani, na hapo ndipo tatizo la kwanza lilipo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na takografu ya kidijitali imekuwa lazima kwa malori mapya tangu Mei 2006. Marekani iliwalazimu wasafirishaji kuweka kumbukumbu za saa kwa kifaa cha kielektroniki kuanzia Desemba 2017. Kwa hiyo programu hizo zimejengwa kuzunguka swali moja: dereva ameendesha saa ngapi?

Kobero hakuna anayeuliza hivyo kwanza. Afisa wa forodha anauliza kama lakiri ni nzima, kama gari lina leseni ya transiti, na kama limepita njia iliyoidhinishwa, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mizani zinauliza uzito. Polisi wanauliza bima. Msafirishaji anayenunua programu ya Ulaya bila kuirekebisha hulipia majibu ya maswali asiyoulizwa. (Saa za dereva ni jambo la uhai wa watu, na si sahihi kulipuuza. Lakini silo linalosimamisha lori mpakani.)

Kwa upande wa forodha mambo yamebadilika sana tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, mzigo unaoingia hutolewa tamko na kutozwa kodi kabla haujaondoka bandarini, na Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, huweza kuuona ungali Dar es Salaam. Kabanga na Kobero zimekuwa kituo kimoja cha mpakani. Tanzania ina mfumo wake wa lakiri za kielektroniki kwa shehena za transiti; Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia wa kwao wa pamoja mwaka 2017. Msafirishaji anayebeba mzigo leo kutoka Dar es Salaam na kesho kutoka Mombasa hukutana na mifumo miwili tofauti.

Lakiri hiyo, hata ikitoa ishara kila dakika, ni ya forodha. Si kifaa cha mwenye lori. Ndiyo maana malori mengi hutembea na vifaa viwili vinavyotazama barabara ile ile, kimoja kikiripoti serikalini na kingine kwa tajiri, bila kusemezana.

Mfano wa karibu zaidi wa muungano rasmi ulikuja na UVIKO-19. Mwaka 2020 Jumuiya ilianzisha mfumo wa kikanda wa kufuatilia mzigo pamoja na dereva, ambapo majibu ya vipimo yalisafiri kwenye simu ya dereva pamoja na taarifa za safari yake. Cheti cha mtu, gari na njia viliwekwa mahali pamoja.

Kwenye mizani hesabu ni kali zaidi. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania iliianza rasmi mwaka 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima. Lakini wengi hukamatwa kabla ya kufika huko. Ekseli ya usukani hairuhusiwi kuzidi tani 8, ekseli mbili zilizofuatana tani 18, na tatu zilizofuatana tani 24. Semitrela ya kawaida yenye ekseli sita, yaani moja, mbili na tatu, inaishia tani 50. Mwenye lori aliyekariri 56 tu tayari amepotea kwa tani sita.

Kahawa haina ugomvi mkubwa na mizani. Kontena la futi 20 kwa kawaida hubeba magunia 320 ya kilo 60, sawa na tani 19.2. Taabu iko katika safari ya kurudi: mbolea, nondo, klinka. Mzigo unaweza kuwa halali kwa jumla na bado ukazidi kwenye ekseli moja kwa sababu umepangwa vibaya au umesogea njiani. Wauzaji wa programu huonyesha kipimo kinachosoma uzito wa kila ekseli na kuupeleka ofisini papo hapo. Kipimo hicho kwa kawaida husoma shinikizo la mifuko ya hewa inayobeba chesisi. Malori mengi ya njia hii yana springi za chuma, kwa hiyo hakina cha kusoma. Njia ya bei nafuu ni dereva kupiga picha karatasi ya mizani Vigwaza, kisha Njuki, kisha Nyakahura, na kuituma iingizwe kwenye safari ile ile. Haivutii machoni, lakini baada ya miezi sita mwenye malori anajua ni ghala gani humpakia vibaya.

Jambo linalovunja miunganisho mingi ni dogo sana: namba ya gari. Semitrela ni magari mawili, kichwa na tela, kila kimoja na usajili wake. Kifaa cha kufuatilia kimefungwa kwenye kichwa. Mzigo na lakiri viko kwenye tela. Kichwa kikiharibika Singida na tela kuvutwa na kichwa kingine, ramani itaendelea kusema mzigo uko gereji. Zaidi ya hapo, karani mmoja huandika namba kwa nafasi katikati, mwingine bila nafasi, na kwa kompyuta hayo ni magari mawili. Programu isiyoweza kutenganisha kichwa na tela, kisha kuviunganisha upya kwa kila safari, haifai njia hii, hata ingekuwa na ramani nzuri namna gani.

Majina ya mahali nayo yana vituko vyake. Gishubi ipo Gitega, lakini jina moja linaweza kutumika kwa mahali zaidi ya pamoja. Anayeandika "Gishubi" peke yake anaweza kulipeleka lori mahali pengine kabisa kwenye ramani, na makadirio ya mafuta yakaharibika. Tena mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Orodha za mikoa ndani ya programu zilizonunuliwa kabla ya hapo zinahitaji kurekebishwa, la sivyo hati na ramani zitataja mikoa tofauti kwa kijiji kimoja.

Je, gharama inalipa? Tuchukue makadirio tu. Gitega hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,500, kwenda na kurudi 3,000. Lori linalotumia lita 40 kwa kilomita 100 litachoma lita 1,200. Likiokoa asilimia 5, kwa kuzuia kunyonywa kwa mafuta na injini kunguruma bure kwenye foleni, ni lita 60 kwa safari. Kwa Burundi, iliyosumbuliwa na uhaba wa mafuta kwa miaka kadhaa, lita hizo zina uzito kuliko bei yake.

Upande wa pili wa mizania ni dola. Programu nyingi hulipiwa kwa mwezi, kwa kila gari, kwa fedha za kigeni. Mei 2023 bei rasmi ya dola nchini Burundi ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo, na aliyekuwa na mkataba wa dola alipandishiwa gharama bila gari lake kusogea hata mita moja. Hilo linawaumiza wadogo zaidi. Sehemu kubwa ya mzigo wa transiti wa Burundi hubebwa na malori yenye namba za Tanzania, mengi ya kampuni zenye magari ya kutosha kuajiri mtu wa kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima. Wenye mizigo wakubwa wakizoea kudai ripoti ya safari kabla ya kulipa, mwenye malori matano wa Gishubi asiyekuwa nayo atabaki na mizigo ya karibu.

Kwake yeye, ramani si mahali pa kuanzia. Daftari la tarehe linaweza kukaa kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, likiwa na safu moja ya kichwa na nyingine ya tela, na kukumbusha siku 30 kabla bima au cheti hakijaisha. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania huitambua ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, iwe ya kwanza kwenye orodha. Programu ya kununua ije baadaye, ikiwa na namba zilizokwisha safishwa.

Madereva nao waambiwe mapema kinachorekodiwa. Mahali alipo mtu ni taarifa binafsi, na Tanzania, ambako sehemu kubwa ya safari hupita, ina sheria ya kulinda taarifa hizo iliyoanza kutumika Mei 2023.

Kabla ya kusaini, yapo mambo ya kumuuliza muuzaji: kifaa hutunza kumbukumbu kwa muda gani mtandao ukikatika kati ya Nyakanazi na Ngara? Laini ya simu iliyomo itafanya kazi nchi zote mbili? Maelezo yapo kwa Kiswahili kwa dereva na kwa Kifaransa kwa karani? Na mkataba ukivunjika, kumbukumbu za safari za miaka mitatu zitatolewa kwa mwenye malori katika faili linalofunguka, au zitabaki kwenye seva ya muuzaji?