Kutenganisha Reli na Barabara Mjini

Swali la kumaliza ajali na foleni kwenye makutano ya reli na barabara (tambukareli) si la kujibu kwa maneno mawili, "kujenga daraja". Onesha kwanza kwa nini daraja linahitajika, kisha ni aina gani na kwa nini.

Maana
Kutenganisha reli na barabara ni kuzipitisha katika vimo tofauti, moja juu na nyingine chini, ili treni na magari yasikutane kabisa.

Hatua ya kwanza: kupima tatizo
Treni nzito ya mizigo inaweza kuhitaji zaidi ya kilometa moja ili isimame, hivyo ni gari linalosubiri treni. Wapangaji huhesabu treni, magari na watembea kwa miguu kwa siku, muda ambao geti hufungwa, na ajali zilizotokea.

*Mfano:* Treni 60 hupita kwa siku, na kila moja hufunga geti kwa dakika 2.
Muda wa kufungwa = 60 × 2 = dakika 120, yaani saa 2.
Ikiwa magari 12,000 hupita kwa saa 24, yanayokuta geti limefungwa ni 12,000 × 2 ÷ 24 = 1,000.

Zingatia: hesabu hii imechukulia kwamba magari hupita kwa kiwango kilekile saa zote. Treni na magari yakiwa mengi asubuhi na jioni, waliokwama watakuwa wengi zaidi, na huenda kati yao ikawamo gari la wagonjwa.

Hatua ya pili: kuchagua kipande cha kuinua au kushusha
Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi, hivyo treni haiwezi kupanda mwinuko mkali kama gari. Tuseme kimo kinachotakiwa ni meta 8:
(a) Barabara ikipanda meta 5 kwa kila meta 100, huhitaji meta 160 kila upande.
(b) Reli ikipanda meta 1 kwa kila meta 100, huhitaji meta 800 kila upande.

Kwa makutano moja, basi, kuinua barabara huwa nafuu. Hata hivyo, maduka yaliyo kando ya mwinuko hupoteza njia ya kuingilia, na mitaa midogo hukatwa. Makutano yakiwa mengi na karibu karibu, huwa afadhali kuinua reli mara moja kuliko kujenga daraja kila mtaa. Njia ya chini huficha kelele na haizibi mandhari, lakini hujaa maji ya mvua isipowekewa mifereji na pampu.

Mifano halisi
1. *Dar es Salaam:* Reli ya kisasa (SGR) hupita juu ya daraja refu inapotoka stesheni katikati ya jiji. Kwingineko barabara hupita juu au chini yake. Treni ya mwendo wa hadi kilometa 160 kwa saa haiwezi kuchangia njia na daladala na bodaboda.
2. *Melbourne, Australia:* Kati ya Caulfield na Dandenong, makutano 9 yaliondolewa kwa kuinua reli, kazi iliyokamilika mwaka 2018. Baadhi ya wakazi walilalamika kwamba abiria wangeona ndani ya nyua zao. Chini ya reli zilipatikana njia za baiskeli na viwanja vya wazi.

Kosa la kuepuka
Usiwasahau watembea kwa miguu. Daraja lenye ngazi tu humwacha nje mwenye kiti mwendo, na likiwa mbali na kituo cha basi watu wataendelea kuruka reli.

Jipime
Mji una makutano 4 ya reli na barabara ndani ya kilometa 2. Je, ungeinua reli au barabara? Toa sababu 3 na hasara 1 ya uamuzi wako.

*Dokezo:* Linganisha urefu wa miinuko yote minne na ule wa reli moja. Ukitaja hasara ya chaguo lako mwenyewe, msahihishaji ataona kwamba umepima pande zote.