Je, Wajua? Madini na Miti ni Ndugu Karagwe na Kyerwa

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini miamba, misitu na ufundi wa wilaya hizi mbili ni urithi mmoja.

Je, wajua kwamba jina la Karagwe linajulikana kwa wanajiolojia duniani kote? Miamba ya kale inayoanzia mkoani Kagera na kupita Burundi na Rwanda hadi kusini magharibi mwa Uganda huitwa Ukanda wa Karagwe-Ankole. Bati la Kyerwa lilitokana na matale yaliyoganda humo takriban miaka bilioni 1 iliyopita.

Je, wajua kwa nini wachimbaji wadogo huosha mchanga wa bati kwa maji? Kasiteriti, jiwe lenye bati, ina uzito wa karibu mara 7 ya maji. Mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3. Maji hubeba mchanga, kasiteriti hubaki chini.

Je, wajua kwamba mkaa katika tanuri hauleti joto tu? Kaboni yake huinyang'anya mbale oksijeni, ndipo bati au chuma kitoke. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 tu za Selsiasi, chuma hudai 1,538. Pasipo mti, jiwe hubaki jiwe.

Je, wajua kwamba Wahaya, jirani wa wilaya hizi, walifua chuma miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita? Miaka ya 1970 wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya. Walichoma matete shimoni kwanza, kisha wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978, katika jarida la *Science*, kwamba kwa njia hiyo hewa ilipata joto kabla ya kufika kwenye mkaa.

Je, wajua kwamba wafalme wa Karagwe waliuheshimu uhunzi? Miongoni mwa alama za ufalme wao zilikuwamo nyundo na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Mfalme Rumanyika, aliyewapokea wasafiri wa Uingereza Speke na Grant mwaka 1861, leo jina lake limo katika Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa mwaka 2019 pamoja na Ibanda-Kyerwa.

Je, wajua kwamba mhumula, mti wa mbao wa Kagera unaokua haraka, una jina la kitaalamu *Maesopsis eminii*, kwa heshima ya msafiri Emin Pasha? Kagera uko kwao. Ulipopelekwa milima ya Usambara Mashariki, ulivamia misitu ya asili.

Kijana anayependa elimu hii anaweza kusomea misitu katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au uchakataji wa mbao katika Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi. Nawe msomaji, ukikuta mavi ya chuma, yaani mabaki ya tanuri la kale, shambani, usiyatupe. Muulize mzee wa kijiji yametoka wapi, kisha wasimulie watoto.