Je, Wajua? Kiboksi Kinachowasha Bodaboda

Je, wajua kuwa bodaboda ya Nassa, mkoani Simiyu, na pikipiki kuukuu ya magurudumu manne huweza kuzimishwa na kifaa cha aina moja? Ni CDI, kiboksi chenye kapasita inayohifadhi umeme wa volti 200 hadi 400. Ikiuachia, koili huupandisha hadi maelfu mengi ya volti, na plagi hutoa cheche.

Dalili ya CDI mbovu: injini huwaka ikiwa baridi, ikipata moto inazima. Kwa kuwa ndani imejazwa gundi ngumu, kwa kawaida haitengenezwi, hubadilishwa. Kabla hujanunua mpya, kagua plagi, swichi ya kuzimia na waya unaofungwa kwenye chasisi. Kisha hakikisha soketi na mpangilio wa nyaya wa CDI mpya vinalingana na vya ile ya zamani.