Kabla ya Kuchangisha Mashine

Kikao cha ukoo kilikaa Jumapili moja sebuleni kwa dada yangu, ajenda ikiwa moja tu: mpwa wangu, ambaye haoni tangu utotoni, amepata nafasi chuo kikuu. Chai haijaisha, bajeti ilishaandikwa nyuma ya bahasha. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu. Laptopu. Programu ya JAWS ya kusoma skrini. Shemeji mmoja akaongeza kiti cha kuzunguka, hadi leo sijui cha nini. Jumla ikakaribia michango ya harusi ya kawaida, na kundi la WhatsApp likafunguliwa palepale. Mwenye shughuli alikuwa amekaa pembeni, hakuna aliyemuuliza kitu, mpaka alipocheka mwenyewe akasema, "Mjomba, hiyo JAWS ya nini? Mimi shuleni nilikuwa natumia ya bure."

Alikuwa sahihi, na tuanze na hapo.

Programu ya kusoma skrini ndiyo inayomsomea asiyeona kila kilichoandikwa kwenye kompyuta kwa sauti. JAWS ya kampuni ya Freedom Scientific ndiyo maarufu kwa miaka mingi, na leseni yake ya kudumu ni kama dola 1,000 au zaidi. Kwa dola inayocheza kwenye shilingi 2,500, hiyo ni milioni mbili na nusu. Ukiipakua bila kulipa hufanya kazi dakika 40, kisha lazima uzime kompyuta na kuiwasha upya, jambo ambalo halivumiliki katikati ya testi. Mshindani wake ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wasioona. Bei yake ni sifuri. Inakaa hata kwenye flashi, kwa hiyo mwanafunzi anaichomeka kwenye kompyuta ya maabara ya chuo na kuondoka nayo. Inaongea Kiswahili pia, kwa sauti inayofanana na roboti mwenye mafua, lakini sikio huzoea.

Je, JAWS ina faida? Ndiyo, kwa mtu anayeenda kufanya kazi ofisini penye programu za pekee zinazohitaji kurekebishwa ili zisomeke, na kwa mwajiri anayetaka kampuni ya kupigia simu mambo yakikwama. Kwa kuandika insha, kutafuta makala mtandaoni na kufungua madesa, sikuona kitu ambacho mpwa wangu alikikosa. Na yule fundi anayekuahidi JAWS "iliyovunjwa" kwa elfu ishirini, mwache. Nakala ya wizi ikigoma usiku wa kukabidhi kazi, hakuna wa kumlalamikia.

Simu janja nayo ina vyake. Android ina TalkBack na iPhone ina VoiceOver, zote zimo tayari ndani ya simu. Be My Eyes, programu iliyoanzia Denmark mwaka 2015, inamuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayemsomea kupitia kamera, nayo ni bure. Kinacholiwa ni bando.

Perkins ndiyo iliyotuletea ubishi mkali kwenye kundi, kwa sababu wazee wanaijua. Ni mashine ya chuma iliyobuniwa na David Abraham na kuanza kuuzwa mwaka 1951, imara kiasi kwamba kuna zinazofanya kazi hadi leo zikiwa na umri wa babu. Mpya ni dola 700 na kuendelea. Uzito wake unakaribia kilo tano, na ukiipiga ukumbini mhadhiri anasikia kila herufi. Shida kubwa si hizo. Sekondari kulikuwa na mwalimu anayesoma nukta nundu. Chuoni, mhadhiri wa sosholojia hajui hata nukta moja, kwa hiyo kila utakachoandika kitahitaji mtu wa kukigeuza kuwa maandishi ya kawaida kabla ya kusahihishwa. Kwa laptopu unaandika mwenyewe na kutuma mwenyewe. Nukta nundu bado zina kazi pale sikio linaposhindwa: takwimu, fomula, maneno ya lugha ngeni unayotaka kujua yanavyoandikwa. Kwa kazi hiyo bao dogo na kalamu yake ya kuchomea, vile vinavyoandika kutoka kulia kwenda kushoto, vinatosha na havigharimu sehemu ya kumi ya Perkins.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wengi hawaijui: kifaa cha nukta nundu cha kielektroniki, ambacho vinundu vyake huinuka na kushuka vyenyewe. Zamani vilianzia dola 2,000. Orbit Reader 20 ilipokuja ilitangazwa kwa bei isiyofika dola 500, ingawa baadaye ilipanda. Kina nafasi 20 tu za herufi, maana yake unasoma kitabu kizima kupitia tundu la ufunguo, lakini maktaba nzima inaingia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kilimanjaro Blind Trust ya Nairobi imekuwa ikivisambaza kwa wanafunzi wa ukanda huu na pia kutengeneza Perkins zilizoharibika. Kama shule mliyotoka ina Perkins iliyokufa, ulizieni matengenezo kabla ya kufikiria mpya.

Kwa hiyo bahasha yetu ikapungua hadi laptopu ya mtumba yenye betri nzuri (umeme wa hosteli mnaujua), spika ya sikio moja ili sikio la pili libaki kwa mhadhiri, na flashi mbili. Wajumbe wakashangilia kwamba tumeokoa fedha. Kumbe tulikuwa hatujaanza kuhesabu.

Gharama halisi ya chuo kwa asiyeona ni watu. Nani atamtoa hosteli hadi venyu mpya ambayo imebadilishwa asubuhi hiyo hiyo kwa tangazo la karatasi lililobandikwa ukutani? Nani atamsomea kitabu cha maktaba cha mwaka 1974 ambacho hakina softikopi? NVDA inaweza kusoma karatasi iliyoskaniwa kwa kutumia uwezo uliomo kwenye Windows, lakini madesa yaliyotolewa kopi ya kopi ya kopi kule steshenari, pembeni pakiwa na mwandiko wa mtu aliyehitimu zamani, hayasomwi na mashine yoyote. Hapo anahitajika binadamu mwenye macho na subira.

Kawaida binadamu huyo ni mwanafunzi mwenzake, anayefanya kwa urafiki, na urafiki huo hudumu vizuri hadi wiki mbili kabla ya mitihani. Simlaumu, naye ana mitihani yake. Mpwa wangu alikwama hivyo muhula wa kwanza. Muhula wa pili tukabadili utaratibu: wasomaji wawili badala ya mmoja, wa kozi tofauti ili ratiba zao zisigongane, kila mmoja shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa miezi minane ya masomo ni 960,000 kwa mwaka. Kwa shahada ya miaka mitatu, 2,880,000. Ni bei ya JAWS moja na nauli ya kurudi nyumbani. Zile fedha ambazo ukoo ulikuwa tayari kuzimwaga kwenye programu siku moja ndizo zinazolipa macho ya miaka mitatu.

Kwa kiziwi hesabu hiyo haiwezekani kabisa. Mkalimani wa lugha ya alama anahitajika kila kipindi, na kipindi kirefu kinataka wawili wanaopokezana, kwa sababu mikono na akili huchoka baada ya nusu saa. Hakuna familia ya kawaida inayoweza kulipa hilo mfukoni. Programu ya simu inayogeuza maneno kuwa maandishi ni bure na inasaidia kwenye mazungumzo ya watu wawili, lakini ndani ya ukumbi wenye mwangwi na feni inayolia, itakuletea mashairi. Kwa hiyo kiziwi hachagui vifaa, anachagua chuo, na swali la kuuliza kabla ya kuthibitisha udahili ni hili: mna wakalimani wangapi, na wameajiriwa au huitwa kukiwa na mgeni rasmi? CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, kwa kawaida wanajua jibu la kweli kuliko tovuti ya chuo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa wanafunzi haki ya kusoma bila kubaguliwa na kuwekewa mazingira yanayowafaa, ila sheria haifungui mlango uliofungwa. Chuo kimoja tulichokitembelea, ambacho sitakitaja, kilikuwa na chumba cha vifaa maalumu kinachong'aa kwenye kipeperushi. Tulipofika, mwenye ufunguo alikuwa likizo. Likizo ya mwezi. Nenda mwenyewe, siku ya kazi, bila taarifa, uombe kuwashiwa kompyuta mojawapo.

Uliza pia njia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaitwa Mlimani kwa sababu ni mlima kweli, wenye ngazi zake. Chuo Kikuu cha Dodoma kimetawanyika, ndaki moja mbali na nyingine, na kwa mtumiaji wa kiti mwendo nauli za bajaji za mwaka zinaweza kupita bei ya kiti chenyewe. Kuhusu kiti, cha msaada kilicho pana kama cha kiwanja cha ndege si zawadi kwa mtu atakayekaa humo saa kumi kwa siku. Kiti kipimwe mwilini, na mto wa kukalia ulio sahihi ndio unaozuia vidonda kwa aliyeumia uti wa mgongo. Chuo Kikuu Huria kinaondoa sehemu kubwa ya gharama hizi, kwani unasoma nyumbani na kwenda kituo cha mkoa. Unachopoteza ni wenzako, na wale wasomaji wawili wa mpwa wangu wasingepatikana huko. Kwa mtu mzima mwenye kazi na mwenzi ningekishauri. Kwa msichana wa miaka 20 aliyelelewa bwenini, sikukishauri.

Kwa wenye ualbino na wengine wenye uoni hafifu, mambo ni mepesi kidogo: kamera ya simu inakuza ubao vizuri, na kiti cha mbele hakilipiwi. Mafuta ya kuzuia jua msinunue dukani kwa bei za watalii kabla ya kuulizia Kilisun, inayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya wenye ualbino na kugawiwa bure kupitia kliniki.

Fedha zitoke wapi? Bodi ya Mikopo inauweka ulemavu kati ya vigezo vya uhitaji, na fomu yake huthibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, ambaye si mtu wa kumtafuta siku moja kabla ya dirisha kufungwa. Kumbukeni tu kwamba mkopo huo, bumu, ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara hukatwa kila mwezi, kwa hiyo msinunue kwa mkopo kile ambacho NVDA inatoa bure. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu ni mikopo ya biashara, si ada. Dada yangu alipoteza siku nzima kuigundua hiyo. Kenya kuna mlango mwingine, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo hutoa vifaa na msaada wa masomo kwa waliojisajili. Na mkiagiza kifaa nje, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu. Fuatilieni msamaha huo kabla mzigo haujafika bandarini, maana ukishafika, gharama za kuuhifadhi zinaanza kuhesabiwa.

Kuna kitu kimoja cha bure ambacho karibu tukikose. Kwenye mitihani ya sekondari, Baraza la Mitihani humwongezea asiyeona dakika kwa kila saa, nyingi zaidi kwenye Hisabati, bila yeye kuomba. Chuoni hakuna aliyemwambia mpwa wangu kwamba sasa lazima aombe. Testi ya kwanza aliifanya kwa muda wa wenzake. Ya pili alikuwa na barua yenye muhuri, na kopi tatu, kwa sababu msimamizi wa kwanza aliipoteza.